Tajiri, Bepari, Mwia

Taria Topan alifariki Bombay mwaka 1891, na mpaka leo Kiswahili hakijampa jina la kazi yake. Majina ya asili, ya dini na ya ukwasi anayo tele: Mhindi, Khoja, tajiri. Malkia Victoria naye alimtunuku cheo cha Sir mwaka 1890. Lakini mwanafunzi akiuliza mzee huyu alikuwa nani hasa, hata Sultani Barghash akafuatana naye katika safari ya Uingereza mwaka 1875, tunamjibu kwa maelezo marefu yanayoishia palepale yalipoanzia: alikuwa tajiri sana.

Jibu hilo halitoshi. Matajiri wengi wamepita Unguja wala hawakusikilizwa na mfalme. Hebu tuyachukue maneno tuliyo nayo, wewe msomaji na mimi, tuliolirithi ghala hili la lugha kwa pamoja, tuyapime moja baada ya jingine tuone lipi linamkaa.

Tuanze na tajiri lenyewe. Kwa Kiarabu ni mfanyabiashara, mwenye kuuza na kununua, awe na kitu asiwe nacho. Kiswahili kililipokea jina la kazi kikalifanya jina la hali, ndiyo maana leo twaweza kumwita tajiri mtu aliyerithi majumba na hajauza hata kibiriti. Hata hivyo maana ya kale haikufa yote. Kondakta wa daladala akisema “tajiri anataka hesabu”, anamkusudia mwenye gari, aliyemkabidhi chombo cha kazi na anayengoja jioni aletewe chake. Hiyo ndiyo maana iliyotembea na misafara ya bara. Hamed bin Muhammed, tumjuaye zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, alimtaja Taria Topan katika maisha yake aliyoyaeleza kwa Kiswahili, na huyo ndiye aliyekuwa tajiri wake kwa maana ya kondakta: aliyetoa bidhaa, akakaa Unguja akingoja pembe zishuke pwani.

Bidhaa hizo zilitoka kwa njia iliyoitwa mali kauli. Sijui neno jingine la biashara lililo zuri kama hili, na linanisikitisha kwa uzuri wake. Kauli ni tamko la mtu. Mali kauli ni mali iliyotolewa juu ya tamko: chukua vitambaa, shanga na waya, nenda zako Unyamwezi au Manyema, ukirudi tutahesabiana. Ni neno linalomheshimu mkopaji, kwa kuwa dhamana yake ni ulimi wake. Tulirudishe katika matumizi, maana “mauzo kwa mkopo” ni baridi mno. Lakini tukilirudisha tulirudishe na kumbukumbu yake yote. Ahadi ya watu wawili, mmoja Unguja na mmoja njiani, ililipwa na mtu wa tatu ambaye kauli yake haikuulizwa: yule aliyefungwa mnyororo akabebeshwa pembe, au akauzwa mwenyewe.

Sasa mhamiaji. Hapa sarufi yetu imefanya kazi nzuri kwa herufi moja tu. Mhamaji ni mwenye kuhama, asiye na kituo. Mhamiaji ni mwenye kuhamia, na ile i ndogo imempa mahali pa kufikia. Taria alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1823 akaja Unguja angali mtoto. Kuhamia alihamia, bila shaka. Ila tendo la kuhamia huisha siku ile mtu anapofika, akatua mzigo. Hamsini ya miaka inayofuata haimo ndani ya neno. Aliyekuja mtoto akazeeka kati ya watu, kumwita mhamiaji hadi kaburini ni kumsimamisha bandarini maisha yake yote.

Kuna mlowezi, kutoka kulowea, yaani kukaa mahali pa ugenini hata pakawa kwako. Neno safi la Kibantu, lenye subira ndani yake. Historia ya Kenya imelitia bunduki na mashamba ya kunyang’anywa, na sidhani kama tunaweza kulisafisha. Tuliache kwa walowezi wa Nyanda za Juu, wamelilipia.

Mgeni, basi? Tuna methali inayomsubiri mlangoni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twapenda kuisikia kama maneno ya ukarimu, ilhali imebeba ukiri mkubwa kuliko ukarimu. Mwenyeji ni mgonjwa. Ana haja ambayo nyumba yake haiwezi kuitimiza, na dawa anaitazamia kutoka nje. Seyyid Said bin Sultan alipokipanga kisiwa cha Unguja kuwa makao ya dola yake, alikuwa na majahazi, karafuu na ukoo. Alichokosa ni fedha taslimu za mkononi kila mwezi. Walioiponya haja hiyo ni akina Jairam Shivji, Wabhatia wa Kutch, kampuni iliyoishika forodha ya Unguja kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kabla na hata baada ya zamu ya Taria.

Hao ndio tuliowaita mabanyani. Neno limetoka kwenye Kigujarati, ambako lilimaanisha watu wa jamii ya biashara, nasi tukalifunga kwa Wahindu, tofauti na Khoja na Bohora ambao ni Waislamu. Watu wa pwani hawakuchanganya. Aliyemwita Taria Topan banyani angesahihishwa na mtoto. Kadiri Kiswahili kilivyopanda bara, tofauti zile zilimezwa na Mhindi mmoja wa jumla, na pamoja nazo ujuzi mzima wa nani anaoa wapi, anasali wapi na anaweka amana kwa nani.

Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Kila mmoja wetu anaijua, na wengi tunaona aibu kuitamka mbele ya watu wa asili ya Kihindi. Aibu hiyo ina haki yake. Lakini tuisikilize mara moja kama watu wa maneno. Haimsifu banyani, wala haimtukani kwa ukamilifu. Sehemu ya pili inainyang’anya sehemu ya kwanza ushindi. Anayeinena ni mtu anayechukia na anayehitaji kwa pumzi ileile. Ni methali ya mdaiwa. Sijaona maelezo ya kitabu yanayoieleza hali ya mwenye shamba wa Unguja mbele ya mkopeshaji wake kwa ufupi na ukali kama huo.

Bepari ndilo neno linalonipa furaha kuliko yote. Wengi hudhani lilizaliwa na siasa, miaka ya Ujamaa. Sivyo. Limekuja na majahazi ya Kutch na Kathiawar: ni mfanyabiashara kwa Kigujarati, kama vile tajiri alivyo kwa Kiarabu. Maneno mawili ya kazi moja yaliingia kwa milango miwili ya bandari ileile, yakapata hatima tofauti. Tajiri akawa wa kuonewa kijicho, bepari akawa wa kupingwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipomtaja bepari pamoja na kabaila, wasikilizaji walisikia jozi ya maadui wa mkulima na mfanyakazi. Mpenda maneno anasikia zaidi. Kabaila ni Mwarabu wa ukoo, mtu wa kabila lenye heshima. Bepari ni Mgujarati wa duka. Ukiwaweka pamoja umeichora forodha ya Unguja ya Seyyid Said: mwenye nasaba na mwenye daftari, wameketi mkeka mmoja. Jozi ile haikubuniwa na chama. Ilikuwa imekaa kwenye lugha zaidi ya miaka mia, ikingoja atakayeitumia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka bepari lisafishwe lirudi kuwa mfanyabiashara tu. Neno likishapigana vita haliwezi kuvuliwa makovu. Ila katika kuandika historia tuwe waangalifu: Jairam alikuwa bepari kwa maana ya kwao, na tukimwandika bepari bila kueleza, msomaji wetu atasoma mwaka 1967 ndani ya mwaka 1840.

Nikifika forodhani nakutana na pengo la kwanza la kweli. Forodha ni gati, mahali vyombo vinapotia mizigo, kisha ikawa nyumba ya kutozea. Ushuru ni fungu la kumi, ndivyo Kiarabu chake kisemavyo, ingawa tangu mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ushuru wa bidhaa ziingiazo ulikuwa asilimia 5, nusu ya jina lake. Maneno yapo. Linalokosekana ni jina la mtu aliyekuwa akiishika forodha yenyewe. Hakuwa mtumishi wa serikali. Alimlipa Sultani kiasi cha mwaka kilichokubaliwa, kisha akakusanya ushuru kwa makarani wake, na kilichozidi kikawa chake. Kiasi hicho kilipanda mwaka hadi mwaka. Katikati ya miaka ya 1860 kilikuwa kimevuka riale laki tatu. Vitabu vyetu vinamwita “mkuu wa forodha”, kana kwamba aliajiriwa, akapandishwa cheo, akastaafu. Hilo ni kosa la maana, si la mtindo.

Napendekeza mkodi wa forodha. Kukodi tunakujua: unalipa ili utumie cha mwenzio kwa muda, na faida unayoipata humo ndani ni yako. Anayekodi shamba la minazi, anayekodi gari, anayekodi ushuru wa dola. Neno ni jepesi na linasema kweli. Mwenye kupenda neno la heshima zaidi anaweza kwenda kwenye dhamana, kwa sababu katika lugha ya fedha ya dola za Kiislamu za kale mtindo huu uliitwa kwa mzizi huohuo, mtu akidhamini kwamba kiasi kadhaa kitafika hazina. Lakini mdhamini kwetu leo ni yule anayesimama mahakamani kumtoa ndugu yake rumande. Tumwache apumue.

Niruhusu nipite kando kidogo kwenye sarafu zenyewe, kwa kuwa majina yake ni ya kupendeza mno. Fedha ni madini kabla hayajawa matumizi, na Wizara ya Fedha bado inaitwa kwa jina la madini. Pesa imetoka Bara Hindi. Riale iliyotumika zaidi Unguja ilikuwa ile ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata kama imepigwa karne iliyofuata. Watu wakaiita riale ya Sham. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili ikaitwa riale ya mzinga, kwa kuwa jicho la pwani liliona mizinga mahali Mhispania alipochora nguzo. Hapa ndipo lugha inapokuwa na macho.

Na mtaji? Wachezaji wa bao wanalijua vizuri kuliko wanauchumi. Kwanza huwa namua, kete nyingine zingali mkononi. Zikishaingia zote ubaoni mchezo hugeuka mtaji, na hapo huna akiba, una zilizo mbele yako tu. Sidai kuwa neno la biashara limezaliwa ubaoni. Nasema tu kwamba mfanyabiashara aliyeweka kila alichonacho kwenye msafara mmoja wa Manyema angeuelewa mchezo huo bila kufundishwa. Rasilimali, kichwa cha mali kwa Kiarabu, ndiyo ilikuwa jina la zamani la jambo lilelile, kabla hatujaipeleka kwenye misitu, madini na watumishi.

Turudi kwa Taria na nguvu yake. Tunasema alikuwa na ushawishi wa kisiasa. Litazame neno hilo kwa makini. Kushawishi ni kumvuta mtu kwa maneno mpaka alegee. Ni kazi ya mchumba, ya mwuzaji, na ya shetani. Katika Kiarabu mzizi wake ni wa kuvuruga na kuchafua utaratibu, ndiyo sababu ndugu yake wa karibu kwetu ni tashwishi, wasiwasi wa moyo. Je, Jairam alimshawishi Seyyid Said? Alimnong’oneza nini? Hakuhitaji kunong’ona. Sultani alikuwa akichota kwenye daftari la forodha kabla ya mwaka kuisha, kwa meli, kwa jeshi, kwa gharama za watoto na za vita vya Mombasa na Oman, na kila alipochota aliandikwa. Barghash alipotawala mwaka 1870 alilikuta deni la ndugu yake Majid kwa kampuni ya Jairam limeshapita riale nusu milioni. Kumwondoa mkodi wa forodha kulikuwa rahisi kwa kauli: unamlipa kwanza. Hapakuwa na ushawishi pale. Palikuwa na deni.

Na neno raia nalo limetia mkono wake humo. Kwa Kiarabu ni kundi lenye mchunga, na Kiswahili kimemwinua kondoo akawa mtu mwenye haki zake, heshima kwetu. Lakini watu wa Kutch walikuwa raia wa nani? Mwaka 1869 Rao wa Kutch aliwatangazia watu wake walioko Unguja kwamba wako chini ya ulinzi wa Waingereza. Kuanzia hapo mwenye kumdai Sultani alikuwa na mchunga mwingine, na mchunga huyo alikuwa na manowari bandarini. Hesabu za forodha zikawa shughuli za balozi mdogo wa Uingereza. Hivyo ndivyo daftari lilivyosaidia kufungua njia ya himaya ya mwaka 1890.

Basi lipo neno, na limekuwa letu siku zote. Kitenzi ni kuwia. Kumwia mtu ni kuwa na deni lako kwake, kuwa na haki ya kumdai; kuwiwa ni kuwa na deni la mwenzio shingoni. Mwenye kuwia ni mwia, mwenye kuwiwa ni mwiwa. Makamusi ya zamani ya pwani yanayo, na wasomaji wa Biblia hukutana na wiwa katika Waraka kwa Warumi, Paulo anapojieleza kuwa na deni kwa watu wa kila aina. Masikioni mwangu linatoka kwenye kuwa, kitenzi cha msingi kuliko vyote: mwia ni mtu ambaye kitu kiko kwa ajili yake, mahali pengine, mikononi mwa mwingine.

Utauliza kwa nini tusitosheke na mdai. Kwa sababu mahakama imemchukua. Mdai ni mwenye kesi, aliyeamka asubuhi akavaa akaenda kulalamika. Mwia halalamiki. Anaweza kukaa barazani anywe kahawa, na bado yeye ni mwia. Mkopeshaji naye ni jina la siku moja, siku ya kutoa. Kuanzia kesho yake neno halina la kusema. Uwia ndio hali inayobaki baada ya mkopo kutoka na kabla haujarudi, na nguvu yote ya akina Jairam na Taria ilikaa ndani ya kipindi hicho. Deni likilipwa lote, nguvu imekwisha. Mwia mwerevu hapendi kulipwa lote.

Mashambani neno hili lingefaa zaidi. Sheria ya Kiislamu inakataza riba, kwa hiyo palitumika bei ya khiyari: mwenye mikarafuu humuuzia mwenye fedha shamba lake, akabaki na hiari ya kulirudisha akileta fedha zile, na katikati hapo hulilipia kodi akaapo. Hiari, neno tunalosema linashinda utumwa, likawa jina la mlango wa kupotezea shamba. Mpaka miaka ya 1930 madeni ya aina hiyo na ya rehani yalikuwa mazito kiasi kwamba serikali ya Unguja ilitunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isiendelee kuwatoka wenye mashamba. Soma historia hiyo kwa maneno ya mwia na mwiwa uone inavyonyooka. Isome kwa maneno ya Mwarabu na Mhindi uone inavyogeuka ugomvi wa damu. Hapo uteuzi wa neno si mapambo.

Limebaki mfadhili, jina tunalolitoa bure siku hizi kwa kila mwenye kuchangia semina. Mzizi wake ni fadhila, ziada itokayo kwa wema, isiyodaiwa. Kwa hiyo mfadhili ni kinyume cha mwia, na mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili. Taria aliweka jiwe la msingi la jengo la hospitali pale Mizingani mwaka 1887, kwa jubilii ya Malkia, akafa kabla halijaisha. Lilikamilika mwaka 1894, na roshani zake za mbao zilizochongwa bado zinaitazama bahari. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, tajiri wa misafara naye, alitoa jengo la shule isiyobagua rangi, akatoa na mali kwa ajili ya hospitali. Jina lake lipo Muhimbili mpaka leo. Kwa majengo hayo ni wafadhili, na tuwaite hivyo. Kwa yale waliyoyatoa kwa misafara na kwa masultani, hapana. Mradi unaotegemea mkopo wa kulipwa kwa faida nao hauna mfadhili; una mwia, na waandishi wetu wa habari wangetusaidia sana wakilisema hivyo kila nchi inapotia sahihi.

Naleta basi rasimu kwa wahariri wa makamusi, tuirekebishe pamoja. Mwia, wingi wawia: mtu, kampuni au dola inayomwia mwingine mali au fedha. Mwia wa dola: mkopeshaji ambaye mdeni wake ni serikali. Uwia: hali na nguvu ya kuwa mwia. Mfano wa matumizi: Jairam Shivji alikuwa mkodi wa forodha kwa mkataba na mwia wa Sultani kwa daftari. Ninaloliachia meza ya wahariri ni kama uwia utagombana na uwiano wa wanahisabati, ambao nao umetoka kwenye kuwiana. Kwangu ni jamaa, wanaweza kukaa ukurasa mmoja.